Plastiki, utando, jeli au sponji: ukuze seli za mfupa juu ya nini?

Chukua seli za MC3T3-E1, seli changa za mfupa wa panya zinazofugwa maabara, kutoka chupa moja, uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza lipande kwenye sahani ya plastiki, la pili lichanganye ndani ya jeli ya kolajeni. Yape yote mawili media (kimiminika cha kukuzia seli) ileile, inkubeta ileile, nyuzi 37. Baada ya wiki moja vuna, toa RNA, pima. Majibu yanaweza kutofautiana kiasi cha kukufanya ushuku kuwa kuna aliyechanganya vibandiko vya mirija. Hakuna aliyechanganya. Seli ya mfupa hupima kile ilichokikalia, na ndani ya mwili kile ilichokikalia ni kolajeni.

Ulinganisho huu ni wa yule anayepanga jaribio lake la kwanza la seli za mfupa, bajeti ndogo, msimamizi anauliza "utazikuza juu ya nini?" na majibu yapo kumi kwenye makala kumi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hakuna uso ulio bora kwa kila kazi. Majaribio mengi yanaharibika kwa sababu mtafiti amebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, halafu akaandika kwamba amebadilisha kimoja.

Kolajeni inafikaje kwenye jeni

Ukiondoa madini na maji kwenye mfupa, takriban asilimia 90 ya kinachobaki ni kolajeni aina ya I. Kila molekuli ina minyororo mitatu, miwili ya α1 na mmoja wa α2, iliyosukwa pamoja kama kamba. Urefu wake ni kama nanomita 300, unene nanomita 1.5. Molekuli hizo zikijipanga kuwa nyuzi, hutokea mistari inayojirudia kila nanomita 67, ambayo huonekana kwa hadubini ya elektroni.

Kwenye msuko huo kuna sehemu zenye maana ya pekee kwa seli. Mojawapo ni mfuatano wa asidi amino sita unaoandikwa GFOGER, ile O ikiwa ni haidroksiprolini. Vipokezi vya seli viitwavyo integrini, hasa α1β1 na α2β1, huushika mfuatano huo, lakini kwa sharti moja: minyororo mitatu iwe bado imesukwa. Ukiifumua kwa joto, herufi zipo zote ila mshiko haupo. Kipokezi kingine, DDR2, hushika mahali tofauti kwenye kolajeni, nacho kina sharti hilohilo.

Integrini ikishashika, ndani ya seli kimeng'enya FAK kinaamka, kinaamsha mnyororo wa ishara wa ERK, na ERK inaibandika fosfati protini Runx2. Hii Runx2 ndiyo swichi kuu ya mfupa. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya wasio na jeni hiyo huzaliwa na kiunzi cha gegedu kisicho na mfupa halisi. Mwaka 1998 Xiao, Franceschi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba ukiizuia integrini α2, jeni za mfupa hazipandi hata seli zikipewa kila kitu kingine. Na katika kazi hiyo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka: kiasi cha mRNA ya Runx2 hakikubadilika, wala kiasi cha protini yake. Kilichobadilika ni uwezo wake wa kushika DNA na kuiwasha jeni ya osteokalsini.

Hapo simama kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anayelinganisha nyuso mbili kwa kupima mRNA ya Runx2 peke yake anaweza kuandika "hakuna tofauti" huku tofauti ikiwa kubwa. Pima zile zinazoamrishwa: *Bglap* (osteokalsini), *Ibsp* (sialoprotini ya mfupa), *Sp7*, *Alpl*. Runx2 iweke kwenye orodha, ila usiiruhusu iwe hakimu.

Njia ya pili ni ya mvuto. Seli hushika kolajeni na kuivuta. Kitu kigumu hakisogei, kwa hiyo nyuzi za aktini ndani ya seli zinakaza, na protini YAP na TAZ zinaingia kwenye kiini kuwasha jeni. Mwaka 2006 kikundi cha Dennis Discher, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilipanda seli shina za uboho wa binadamu juu ya jeli za poliakrilamaidi zilizopakwa kolajeni aina ya I. Kolajeni ilikuwa moja kote, kilichotofautiana ni ugumu. Kwenye jeli laini ya chini ya kilopaskali 1 seli zilielekea kwenye sura ya neva, kati ya 8 na 17 zikaelekea misuli, kati ya 25 na 40 zikaelekea mfupa. Yaani hata ukiwa na kolajeni sahihi, ikilegea sana haitoshi.

Njia ya tatu ni nafasi. Seli iliyolala juu ya kitu imeshikwa upande mmoja tu, na iliyozungukwa imeshikwa pande zote. Basi: mfuatano, ugumu, nafasi. Shika hivyo vitatu, kwa sababu kila uso utakaoununua unabadilisha kimoja, viwili au vyote.

Plastiki tupu, ambayo si tupu

Sahani ya kawaida ya polistairini ni rahisi, inaonekana vizuri kwenye hadubini, na makala nyingi za zamani zimefanywa juu yake, kwa hiyo una cha kulinganisha nacho. Wengi huichukulia kama uso usio na chochote. Si kweli. Ukimwaga media yenye seramu, protini za seramu hiyo, fibronektini na vitronektini, zinaganda kwenye plastiki mara moja, na seli zako zinashika hizo kupitia integrini nyingine kabisa.

La pili ni kubwa zaidi. Seli za mfupa hutengeneza kolajeni yao wenyewe. Ukiwapa vitamini C, kwa kawaida mikrogramu 50 kwa mililita, vimeng'enya vinavyoweka haidroksili kwenye prolini vinafanya kazi, msuko unakamilika, na kadiri siku zinavyopita ile sahani inafunikwa na matriksi, yaani kitandiko ambacho seli zimejijengea zenyewe. Franceschi alionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 1990: bila vitamini C, au ukitumia kitu kinachoharibu msuko wa kolajeni, MC3T3-E1 hazikomai hata kwenye plastiki. Kwa hiyo hata zile seli "zisizo na kolajeni" zinakomaa kwa sababu ya kolajeni, ila imechelewa kufika.

Hili linaamua siku ya kupima. Ukilinganisha plastiki na utando wa kolajeni siku ya 21, huenda usione kitu, kwa sababu pande zote mbili sasa ni kolajeni. Siku ya 3 au ya 7 ndipo uso ulioutengeneza wewe bado una sauti. Na kama unafuga MC3T3-E1, zifuge kwenye media ya α-MEM isiyo na vitamini C mpaka siku ya kuanza jaribio, maana α-MEM ya kawaida inayo, na seli zitakuwa zimeanza safari kabla yako.

Plastiki inafaa kama kidhibiti, na kama swali lako linahusu dawa au homoni na si matriksi. Kwa swali la matriksi, peke yake haitoshi.

Utando wa kolajeni

Hapa ndipo ningemshauri anayeanza aanzie. Unachukua kolajeni ya mkia wa panya, unaizimua kwa asidi asetiki ya 0.02 N hadi mikrogramu 50 kwa mililita, unaimimina ili upate mikrogramu 5 kwa kila sentimita ya mraba, unaiacha saa moja kwenye joto la chumba, unanyonya, unasuuza kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa). Kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Uzuri wake ni kwamba ugumu wa plastiki haujabadilika, nafasi haijabadilika, umebadilisha mfuatano tu. Ukiona *Bglap* imepanda mapema kuliko kwenye plastiki, una haki ya kuanza kusema habari za integrini. Nasema kuanza, kwa sababu bado unahitaji jelatini.

Jelatini ni kolajeni iliyofumuliwa: asidi amino zilezile, msuko hakuna. GFOGER haishikiki tena vizuri, ila mfuatano mwingine, RGD, uliokuwa umejificha unajitokeza, na integrini kama αvβ3 zinaushika. Paka sahani moja kolajeni na nyingine jelatini kwa kiasi kilekile kwa sentimita ya mraba. Kama jeni zimepanda kwenye zote mbili, msuko si sababu. Kama zimepanda kwenye kolajeni peke yake, hoja yako ina miguu. Kisha ongeza kingamwili cha kuzuia α2, au dawa ya U0126 inayozima mnyororo wa ERK, uone kama tofauti inafutika. Majaribio haya yote yanafanyika kwa vifaa vya maabara ya kawaida, na yanatoa jibu safi kuliko sponji ya bei mbaya.

Kasoro yake: utando uliopakwa kwenye asidi hauna nyuzi zilizojipanga vizuri zenye ile mistari ya nanomita 67. Ni molekuli zilizoganda. Kama swali lako ni kuhusu mpangilio wa nyuzi, utando huu haukujibu.

Kuna seli ambazo kwazo huna hiari. MLO-Y4, zinazotumika kama mfano wa osteosaiti (seli za mfupa zilizokomaa na kuzama ndani ya matriksi), hufugwa kwenye sahani zilizopakwa kolajeni tangu mwanzo. IDG-SW3 nazo vilevile, na hizo zina masharti yake: nyuzi 33 pamoja na interferoni gama zikiwa zinaongezeka, kisha 37 bila interferoni zikiwa zinakomaa. Ukizipanda kwenye plastiki tupu kwa sababu kolajeni imeisha, usilinganishe matokeo hayo na ya mtu yeyote.

Jeli ya kolajeni

Jeli ndiyo inayovutia macho. Seli zimezungukwa, zinatoa mikono mirefu, picha zinapendeza kwenye tasnifu. Pia ndiyo inayoponza watu wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mapishi kwanza. Una kolajeni ya miligramu 4 kwa mililita ndani ya asidi asetiki ya 0.02 N, unataka mililita 1 ya jeli ya miligramu 2. Kila kitu kiwe kwenye barafu. Weka PBS iliyokolezwa mara 10, mililita 0.1. Maji safi, mililita 0.3385. NaOH ya 1 N, mililita 0.0115, yaani kiasi cha kolajeni mara 0.023. Changanya, ndipo uongeze kolajeni mililita 0.5. Gusisha tone kwenye karatasi ya pH. Ikisoma karibu 7.4, weka seli zako kwenye mililita 0.05 za media, geuza pipeti taratibu bila kutia mapovu, mimina, peleka nyuzi 37 kwa nusu saa. Ukiona inaganda mkononi, barafu yako haikutosha. Ukiona haigandi kabisa, NaOH ilikuwa kidogo, au kolajeni iliwahi kuganda kwenye friji.

Sasa hesabu ya mfuko. Sahani ya visima 6 ina kama sentimita za mraba 57. Kuipaka utando kunakula miligramu 0.29 za kolajeni. Kuijaza jeli, mililita 1 kwa kila kisima, kunakula miligramu 12. Chupa ya miligramu 100 inapaka sahani takriban 350, au inajaza jeli sahani 8. Tofauti ya mara 40 na ushei. Kwa maabara inayosubiri mzigo wa baridi upite forodhani, hiyo ni hoja ya kisayansi kabisa.

Tatizo la kisayansi lenyewe ni hili: ukitoka plastiki kwenda jeli umebadilisha mfuatano, ugumu na nafasi kwa pamoja. Plastiki ya sahani ina ugumu wa mabilioni ya paskali. Jeli ya miligramu 2 ni mamia ya paskali au pungufu. Ni tofauti ya zaidi ya mara milioni. Halafu mtu anaandika "kolajeni ilipunguza *Col1a1*", yaani jeni ya kutengeneza mnyororo wa α1. Huenda ulaini ndio ulioipunguza.

Na kweli inapungua. Tangu mwaka 1979 Bell na wenzake walipoonyesha kwamba fibroblasti huikunja jeli ya kolajeni mpaka inasinyaa, imekuwa wazi kwamba seli hapo inafanya kazi ya kukarabati. Mwaka 1995 Langholz na wenzake, wakitumia fibroblasti za ngozi ya binadamu, walitenganisha majukumu ya integrini mbili: α1β1 ndiyo iliyohusika kushusha utengenezaji wa kolajeni, α2β1 ikahusika kupandisha kolajenazi (kimeng'enya cha kukata kolajeni) MMP-1. Ukifikiria, ni jambo la busara. Seli iliyozungukwa na kolajeni ya kutosha haina haja ya kumwaga nyingine, ina haja ya kupanga iliyopo. Kwa hiyo ukiona *Col1a1* imeshuka ndani ya jeli usikimbilie kusema seli zimerudi utotoni. Angalia na kolajenazi. Kama seli zako ni za panya, pima *Mmp13*, kwa sababu kwenye mfupa wa panya hiyo ndiyo kolajenazi yenye kazi hiyo.

Kuna uamuzi mwingine mdogo wenye matokeo makubwa: jeli ibaki imeshikamana na kingo za kisima, au uibandue ielee? Ikishikamana, seli zinavuta na mvutano unabaki. Ikielea, jeli inakunjwa na mvutano unaisha. Hizi ni hali mbili tofauti kwa jeni, tena kwa kolajeni ileile, ukolezi uleule, siku ileile. Nimeona sehemu za mbinu zikisema "seli zilikuzwa kwenye jeli ya kolajeni" bila kutaja hilo. Sentensi hiyo haitoshi kurudia jaribio. Na jeli iliyoshikamana inaweza kujibandua yenyewe katikati ya wiki. Ikaguliwe kila siku, na iliyobanduka itolewe kwenye hesabu, sio kuhesabiwa na wenzake.

Uvunaji wa RNA nao una mtego. Vishawishi vya kuyeyusha jeli kwa kolajenazi kwanza ni vikubwa, maana seli zinatoka safi. Lakini dakika 30 za kimeng'enya kwenye nyuzi 37 zinatosha kubadili jeni ulizokuja kuzipima, na umekata mshiko uleule unaouchunguza. Mimina kimiminika cha fenoli na guanidini moja kwa moja juu ya jeli, uisage, uendelee. RNA itakuwa chache kidogo. Afadhali chache ya kweli. Kwenye jeni rejea, zile za kulinganishia zisizotarajiwa kubadilika, achana na *Actb*, jeni ya aktini. Aktini ndiyo inayobadilika ugumu ukibadilika, kwa hiyo unapima kwa rula inayonyooka na kusinyaa. Jaribu *Hprt*, *Rplp0* au *B2m*, zaidi ya moja, na uhakikishe kwanza kwamba hazitikisiki kati ya nyuso zako.

Vipimo vya nje ya RNA pia vinadanganya kwenye jeli. Ukigawa ALP (kimeng'enya kinachotokana na *Alpl*) kwa jumla ya protini, umeigawa kwa kolajeni uliyoimimina mwenyewe. Gawa kwa DNA. Rangi nyekundu ya Sirius itapaka kolajeni ya chupani pamoja na ya seli. Na β-gliserofosfati ya milimola 10, inayowekwa kama chanzo cha fosfati, inaweza kuleta madini yaliyojiangukia tu, ambayo Alizarini, rangi ya kuonyesha madini, itayapaka kwa furaha. Jeli isiyo na seli iwepo kwenye kila sahani.

Basi jeli ya nini? Ya maswali ambayo nafasi ndiyo swali lenyewe: seli jenzi inageukaje kuwa osteosaiti, mikono yake inatokeaje, jeni zake *Dmp1* na *Sost* zinawaka lini. Hapo uso bapa haukusaidii, jeli ni lazima.

Nyingine, kwa ufupi

*Poliakrilamaidi iliyopakwa kolajeni.* Hii inatenganisha ugumu na mfuatano kuliko zote, ndiyo sababu jaribio la 2006 liliwezekana. Vifaa vyake ni rahisi, ila akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva na kolajeni haishiki yenyewe. Inahitaji kiunganishi cha kemikali. Mwenye subira atafurahi.

*Sponji ya kolajeni.* Hutengenezwa kwa kugandisha na kukausha, na ina matundu. Kikundi cha O'Brien huko Dublin mwaka 2010 kililinganisha ukubwa wa matundu kwenye sponji za kolajeni na glikosaminoglikani, na kwa MC3T3-E1 mikromita 325 ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Ukuta wa tundu ukiwa mpana kiasi hicho, kwa seli moja bado ni uso bapa uliokunjika. Nafasi ya pande zote haipo kama kwenye jeli. Katikati ya sponji nene oksijeni haifiki vizuri, na jeni za njaa ya hewa zinachanganyika na jeni za mfupa. Angalia pia jinsi ilivyoimarishwa. EDC, kemikali ya kuunganisha nyuzi, inatumia vikundi vya kaboksili, na ile E ya GFOGER ni mojawapo ya vinavyoweza kuliwa. Sponji ngumu, nzuri, ambayo seli haziwezi kuishika inavyopaswa. Inunue kama lengo lako ni kipandikizi. Matumizi yake hospitali ni ya kweli, sponji ya kolajeni ya ng'ombe yenye BMP-2 (protini inayochochea mfupa kuota) iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo. Kwa swali la jeni, si chaguo langu.

*Mfupa ulioondolewa madini.* Mwaka 1965 Marshall Urist aliupandikiza ndani ya misuli ya wanyama na mfupa ukaota mahali ambapo haukupaswa kuwepo. Matriksi yake ni halisi, nyuzi zimejipanga kama Mungu alivyozipanga. Lakini kilichouotesha ule mfupa ni BMP zilizonasa humo, na kiasi chake hutofautiana kati ya mfupa na mfupa. Jeni zikipanda, huwezi kuipa kolajeni sifa hiyo.

Kwa jicho la haraka:

| Uso | Unachobadilisha ukilinganisha na plastiki | Kolajeni kwa sahani ya visima 6 | Ningeutumia kwa |
|---|---|---|---|
| Plastiki | – | 0 | kidhibiti, majaribio ya dawa |
| Utando wa kolajeni | mfuatano | mg 0.29 | integrini, ERK, Runx2 |
| Jelatini | mfuatano uliofumuliwa | 0 | kidhibiti cha utando |
| Poliakrilamaidi + kolajeni | mfuatano na ugumu unaouchagua | kidogo | ugumu, YAP na TAZ |
| Jeli | vyote vitatu | mg 12 | osteosaiti, ukarabati wa matriksi |
| Sponji | mfuatano, ugumu, umbo | hutegemea sponji | vipandikizi |
| Mfupa usio na madini | vyote, pamoja na BMP | – | kulinganisha na hali ya mwilini |

Kolajeni ya nani?

Mkia wa panya wa maabara, ngozi ya ng'ombe, ngozi ya nguruwe, samaki: zote zinauzwa. Kwa majaribio ya sahani, mkia wa panya ndio uliozoeleka, na maabara yenye panya inaweza kuitengeneza yenyewe. Kano za mkia zinachomolewa, zinalowekwa kwenye asidi asetiki dhaifu, nyuzi 4, siku kadhaa, kisha zinazungushwa kwenye sentrifuji na kupimwa ukolezi. Fungu moja halifanani na jingine, kwa hiyo tengeneza la kutosha jaribio zima, na usichanganye mafungu katikati.

Ya samaki ina kasoro inayosahaulika. Msuko wake hufumuka kwenye joto la chini kuliko wa mamalia, na wa samaki wa maji baridi kama kodi hufumuka mapema kabisa, mbali chini ya nyuzi 37. Ukiiweka inkubeta bila kuiimarisha, umepaka jelatini bila kujua, na kidhibiti chako kimekuwa sawa na kipimo chako. Samaki wa maji ya joto, kama perege, wanasogea karibu zaidi na joto la mwili lakini bado wako chini. Ya nguruwe haina ubaya kwenye sahani, ila kama unaota kipandikizi kitakachotumika kwa wagonjwa wa pwani au Uarabuni, chagua ng'ombe tangu mwanzo kuliko kuja kurudia kazi yote.

Kama ningekuwa na chupa moja ya miligramu 100

Ningeanza na plastiki, jelatini na utando, visima vitatu kwa kila kimoja, siku ya 3, 7 na 14, MC3T3-E1 zikipewa vitamini C na β-gliserofosfati bila deksamethasoni, maana deksamethasoni ina mkono wake kwenye jeni hizihizi na itafunika tofauti ndogo. Vitamini C ya kawaida huharibika haraka kwenye media, kwa hiyo ningebadilisha kila siku ya pili au ya tatu, au ningenunua askobati-2-fosfati inayodumu. *Alpl* siku ya 7, *Ibsp* na *Bglap* siku zote tatu, *Runx2* kwa ajili ya wahakiki watakaoiuliza. Sahani ya nne ingekuwa utando pamoja na U0126. Yote hayo hayamalizi hata miligramu 5.

Jeli ningeifanya baadaye, baada ya kuona utando unasema nini, na ningeifanya kwa hali mbili, iliyoshikamana na inayoelea, ili angalau mvutano uwe kitu ninachokijua. Kama utando haukuonyesha tofauti yoyote na jelatini siku ya 3 wala ya 7, nisingetumia kolajeni yangu kwenye jeli kabla ya kukagua chupa yenyewe: ilifikaje, ilikaa wapi umeme ulipokatika, na kama kipimajoto cha friji kilishuka chini ya sifuri. Kolajeni ya kimiminika hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haigandishwi.